Mtandao Unasumbua

Ofisini kwetu Dar es Salaam, kila tatizo lina jina moja: mtandao. Kibodi ikimwagikiwa chai, mtandao. Mshahara ukichelewa, mtandao.

Basi asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi, na programu ya uhasibu ikagoma. Ikatoa ujumbe wa Kiingereza kwamba haiioni kanzidata, tuwasiliane na msimamizi wa mfumo. Mhasibu alikuwa na dawa yake: akanunua bando. Kanzidata yenyewe imo ndani ya kompyuta iliyoko stoo, chumba cha pili, nyuma ya maboksi ya risiti. Kuifikia hakuhitaji intaneti hata chembe.

"Dada, hilo bando halifiki stoo," nikamwambia.

"Litafika. Nimechukua la wiki."

Msimamizi wa mfumo, kwa ofisi yetu, ni yeyote anayejua kubadilisha wino wa printa, yaani mimi. Nikaenda stoo: seva inanguruma, taa zinawaka, waya uko mahali pake. Nikarudi mezani, nikaandika amri ya kuuliza kama anwani ya seva, 192.168.1.10, ipo hai. Ikajibu papo hapo. Lakini mlango namba 1433, ambao SQL Server, programu inayoendesha kanzidata yetu, hupokelea wageni wake, haufunguki. Bosi akataka kujua nani kabadili nywila. Mlinzi akakumbuka kwamba usiku alisikia paka darini.

Bosi akaamuru iandikwe barua ya onyo, kwa yeyote atakayepatikana. Printa nayo ikagoma kuichapa. Nikabonyeza vitufe vyake mpaka ikatema karatasi ya taarifa zake, na pale katikati pameandikwa: anwani, 192.168.1.10.

Kumbe umeme uliporudi, rauta iligawa anwani upya, na printa ikawahi kuamka, ikapewa ya seva. Asubuhi nzima tulikuwa tunaiomba printa daftari la madeni, nayo, kwa adabu zote, inaitika kwamba ipo.

Nikaingia kwenye rauta, nikaitengea seva anwani yake ya kudumu, nikaiwasha upya pamoja na printa, programu ikafunguka. Mhasibu akanitazama kwa ushindi: "Si unaona? Bando limeingia."

Hasara ilikuwa moja. Mteja aliyekuja kulipa deni lake la miezi mingi aliambiwa asubiri kidogo, mtandao unasumbua. Akaondoka zake bila kinyongo. Siku hizi tukimpigia, anatuambia fedha ipo, ila huko kwake mtandao unasumbua.