Shangazi na Chokaa ya Mji Mkongwe

Shangazi yangu wa Singida alitaka kuiona Zanzibar kwa siku moja: tuvuke na boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, turudi na ya jioni, maana alfajiri ya kesho yake alikuwa na basi la kumrudisha nyumbani na tiketi alishakata. Bandarini alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba bahari ni maji tu. Tulipokiacha kisiwa cha Bongoyo nyuma mawimbi yakaanza, akanyamaza mpaka bandari ya Malindi, Zanzibar.

Tuliposhuka alidai lifti. Shuleni walimfundisha kwamba Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo lililotangulia kisiwani kuwa na umeme na lifti, na tangu darasa la sita anaingoja. Nikamweleza kwamba sehemu ya jumba iliporomoka Desemba 2020. Akachungulia kwenye upenyo wa mabati, akasema, “Kumbe nimechelewa.”

Tukaingia vichochoroni kutafuta soko la Darajani. “Tusipotee,” alisema, “kariri ule mlango wenye misumari ya shaba.” Ushauri huo ungefaa sana Singida. Mji Mkongwe milango ya namna hiyo ni mamia. Kila tulipokata kona tuliukuta mwingine, na Shangazi akafurahi kwamba tuko njiani. Mzee mmoja aliyekaa barazani akatuelekeza vizuri mno, kulia, kushoto, kisha moja kwa moja. Tukafuata. Tukatokea kwake. “Mmerudi?” akauliza bila mshangao wowote, akatuelekeza upya. Tulipomtokea tena hakutuelekeza. Alimwita muuza kahawa.

Kilichomkosesha raha Shangazi ni Vespa. Njia zile zilijengwa kabla ya magari, na Vespa inapopita mtu mwenye mwili wake hana budi kujibandika ukutani. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na Shangazi alikuwa amevaa gauni jeusi la sherehe. Mgongo ukawa mweupe kuanzia mabegani, na pale palipojitokeza zaidi pakawa peupe zaidi. Papasi mmoja, msaka watalii, alimtazama kwa nyuma akauliza kwa heshima zote, “Shikamoo mama, leo mmetoka vichochoro vya Kiponda au vya Hurumzi?”

Darajani tukaikosa, tukaibukia Mnazi Mmoja, mbele ya Beit el-Amani. Shangazi alipoliona kuba akajitanda mtandio, akavua viatu, akapanda ngazi kwa adabu. Mtoto wa shule akamwambia kwamba pale ni makumbusho. Simlaumu Shangazi kudhani ni msikiti: Mwingereza J. H. Sinclair ndiye aliyelichora jengo hilo, likafunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa vita vikuu vya kwanza, na alipenda kuba na matao kuliko wengi waliozaliwa nayo.

Mtoto yuleyule akatupeleka sokoni. Mwaka 1896 Waingereza waliipiga kasri ya Khalid bin Barghash kwa mizinga, na vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Shangazi na muuza iliki walianza kubishania bei baada ya adhuhuri, ikaadhiniwa alasiri hawajaelewana. Alipopunguziwa elfu moja aliona ushindi huo unastahili urojo. Akaletewa bakuli la rojo ya manjano, ndani mna bajia, kachori, viazi, mshikaki na chipsi za muhogo. Akauliza chakula chenyewe kitakuja saa ngapi, kisha akaongeza pilipili bila kuionja. Muda uliobaki wa safari yetu uliishia kwenye juisi ya miwa.

Boti ya jioni tuliiona kwa nyuma. Tiketi ya basi ikaungua, tukalala nyumba ya wageni Malindi, na usiku ule Shangazi akala pweza Forodhani huku akiulaumu mji kwa kumchelewesha. Hakuwa na haraka ya kuondoka hata kidogo.

Ukienda, panga kulala. Na vaa nguo nyeupe.