Supu Yenye Tambi: Majibu Yangu kwa Shangazi na Kikao Chake

Kypseli, Athens
Januari

Shangazi mpendwa, pamoja na wote mnaosomewa barua hii barazani Muheza,

Mimi ni mzima, ukiacha mafua, ambayo huku hayahesabiwi kuwa ugonjwa, ni msimu. Niende kwenye shauri lenyewe. Nimearifiwa kwamba ile picha ya bakuli niliyoitupia kwenye kundi la familia imezua kikao, kwamba kikao kilikaa tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, na kwamba nimeshitakiwa nikiwa sipo. Mashitaka yamenifikia kwa ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yako nimesikia jogoo, pikipiki, na mtu anayesema "tulijua tu." Huyo wa "tulijua tu" namfahamu. Nitamjibu peke yake.

Mashitaka ni manne. La kwanza, nakula kuku asiyejulikana kachinjwa na nani. La pili, tambi, chakula cha Idi, nimezitumbukiza kwenye supu. La tatu, juu ya hayo nimetia yai na limau. La nne, kuna mwanamke ananipikia na ukoo haujapewa taarifa. Naanza na la nne, maana najua ndilo lililowakalisha mpaka magharibi.

Mwanamke yupo. Anakaa ghorofa ya tatu, mimi ya tano. Ni mjane, havai rangi nyingine ila nyeusi, umri umeshavuka themanini, na jina langu hajalitamka sawasawa hata mara moja. Mimi namwita Kiria, kama wanavyoitwa huku akina mama wenye heshima zao. Tulijuana ndani ya lifti. Lifti za majumba haya zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na nusu. Mkiingia wawili hakuna siri tena. Kabla hatujafika ghorofa ya tatu alikuwa ameshaniuliza natoka wapi, kule hotelini ninakofua mashuka nalipwa kiasi gani, nina mke, na kama sina, kasoro ni nini. Shangazi, nusura nilie. Tangu nitue nchi hii sikuwahi kuhojiwa kwa ufundi wa Muheza namna ile.

Basi ikaingia Januari. Mlinifungia kikoi mkisema Ugiriki ni jua na bahari. Jua lipo, ila mwezi huu linakuja kusaini tu na kuondoka. Jengo letu zima linapashwa joto na boila moja ya mafuta iliyo chini kabisa, na saa za kuiwasha hupigiwa kura kwenye mkutano wa wenye nyumba, mkutano ambao kwa kelele unawapita nyie. Mwaka huu umepita uamuzi kwamba iwashwe saa 12 jioni, izimwe saa 4 usiku. Atakayetetemeka saa 8 mchana atetemeke kwa gharama zake. Kiria aliponisikia nakohoa ngazini hakuniuliza kama nimekwenda kwa daktari. Aliniuliza kama nimekunywa supu. Nikamwambia nakunywa chai ya tangawizi. Akajifanyia ishara ya msalaba, akaniamuru nikalete kuku.

Hapo ndipo shitaka la kwanza linapokufa. Kuku nilimnunua mimi mwenyewe kwa Mmisri mwenye bucha ya halali mtaa wa nyuma. Cheti chake kimetundikwa ukutani, pembeni ya picha ya Mohamed Salah, na vyote viwili anavifuta vumbi kila siku. Kiria alikuwa ameagiza kuku jike aliyekomaa. Na huku, kama huko, kuku wa kisasa ni wa kuoka na kukaanga. Supu inamtaka kuku aliyewahi kuishi. Mmisri akanitolea tetea mmoja wa kilo moja na nusu, mgumu, mwenye shingo ya ukaidi, akaniuliza kama meno yangu yote yapo.

Kiria alimbonyeza kidari, akaridhika, akamtia mzima kwenye sufuria na lita mbili na nusu za maji baridi, kitunguu, karoti, bua la seleri na chumvi. Hakumkata vipande. Hakutia tangawizi, wala kitunguu saumu, wala bizari. Mimi kimya. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini si jikoni kwa mjane. Povu lilipopanda akaliengua kwa kijiko, akapunguza moto mpaka supu ikawa inapumua tu, akaiacha saa mbili.

Katika saa hizo mbili nilitakiwa nikae kitini nisiguse kitu. Ilipofika saa 9 na nusu alasiri nikatakiwa nisitoe na sauti. Msidhani natia chumvi: nchi hii ina saa za ukimya kwa mujibu wa sheria. Wakati wa baridi, mchana ni kuanzia saa 9 na nusu hadi saa 11 na nusu, watu walale. Ukitwanga kisamvu saa 10, jirani ana haki ya kukuitia polisi. Nikawaza vinu vya mtaani kwetu, na fundi seremala, na yule mwenye spika ya kuuzia dawa ya panya. Mahabusu ya Muheza ingefurika kabla ya magharibi.

Kwa kuwa kusema nimekatazwa, nikawa natazama nje. Na nje, Shangazi, ndiko kuna jambo ambalo mtu wa Muheza hawezi kulivumilia. Mitaa ya Athens imepandwa michungwa, kushoto na kulia. Mwezi huu imezaa mpaka matawi yanainama. Matunda yanadondokea mabati ya magari, yanabiringika mpaka mtaroni, na watu wazima wenye akili zao wanayaruka wanakwenda zao! Mimi niliyekulia kwenye wilaya ambako chungwa likidondoka lina mwenyewe, naona kiu. Kumbe ni madanzi, machungu hayana mfano. Huyapika kwa sukari wakapata jamu na matunda ya sharubati ya kumkaribishia mgeni, lakini si haya ya barabarani yanayovuta moshi wa magari mwaka mzima. Nilimwuliza Kiria, kwa kunong'ona, kama danzi moja la hapo chini haliwezi kushika nafasi ya limau. Akainuka akafunga dirisha.

Tuje kwenye tambi. Tambi hizi si zile zetu nyembamba za kukaanga kwa samli. Ni punje, umbo la shayiri, ndogo kiasi kwamba ukizichanganya na mchele kwenye ungo utapata kazi ya kutwa nzima. Wanaziita kritharaki. Kuku alipoiva akaepuliwa, akachambuliwa nyama, mifupa ikawekwa kando kwa ajili ya paka wa ngazini, ambao hapa ni wapangaji wenye haki zote. Supu ikachujwa ikarudi motoni, tambi zikaingia, kiasi cha gramu 150, dakika nane hadi kumi basi. Na niseme wazi kwamba Wagiriki wengi hutia mchele badala ya tambi. Kwa hiyo ambaye dhamiri yake inamkataza tambi kabla ya Idi, atie mchele, asinitukane.

Sasa yai na limau. Aliyesimama naomba akae.

Kwanza niwaulize: nani kati yenu anakunywa supu ya asubuhi bila kukamulia ndimu? Kimya. Basi kosa la limau limekwisha. Tofauti ni kwamba nyie ndimu mnaimalizia mezani, wao limau linaitishiwa kikao chake na yai, na kikao hicho wanakiita avgolemono. Kiria alivunja mayai matatu. Akapiga ute peke yake mpaka ukajaa povu, akatia viini, akaendelea kupiga, akamimina maji ya malimau mawili. Sufuria hapo imeshaepuliwa. Supu iliyotoka kuchemka inakaribia nyuzi 100, na ute wa yai unaanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu. Ukilimwaga yai moja kwa moja unapata vitambaa vyeupe vinavyoelea majini. Kwa hiyo yai haliifuati supu, supu ndiyo inayolifuata yai. Upawa wa kwanza wa supu uliingia kwenye bakuli kidogo kidogo, mkono wa pili ukipiga bila kukoma. Upawa wa pili. Wa tatu. Yai lilipozoea joto ndipo bakuli zima likarudishwa sufuriani, na tangu hapo ni marufuku kuchemsha tena. Nikaona kwa macho yangu supu ya maji maji yenye matone ya mafuta inageuka nzito, laini, rangi ya siagi, na ndani yake hakuna hata tone la maziwa.

Shangazi, wewe ndiye uliyenichapa mwiko wa mkono kwa kugeuka kumtazama mpita njia wakati tui liko jikoni. Uliniambia tui likiachiwa lichemke bila kukorogwa linakatika, na likikatika halishoneki. Sheria ya Kiria ni hiyo hiyo, haikupungua herufi. Simu yangu ilipolia, nikanyoosha mkono kuipokea, nikala mwiko. Mkono ule ule.

Halafu akaanza kubusu. Nisikilizeni vizuri. Wakati anamimina lile bakuli sufuriani, alikaza midomo akawa anabusu hewa juu ya supu: mwa, mwa, mwa. Nilidhani mafua yamenipanda kichwani. Akanieleza, kwa uso ule ule aliotajia kiasi cha chumvi, kwamba mama yake alifanya hivyo, na bibi yake vilevile. Bila mabusu, yai linakatika.

Nywele zilinisimama. Si mmetusimulia wenyewe, kila Idi, habari za Babu na sufuria? Kwamba akipika tui alikuwa analibusu, na Bibi akanuna miaka na miaka, akisema mumewe hajapata kumbusu yeye kwa bidii ile? Mmoja wenu akasema ni kisomo. Mwingine akasema ana jini la Kipemba. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Babu alifundishwa upishi wapi. Jikoni kwa Mgiriki, jamani, kwenye mkonge! Wagiriki walikuja kwetu tangu enzi za Mjerumani, wengine wakiwa wajenzi wa reli, baadaye wakaingia kwenye mkonge, kahawa na tumbaku. Mkoa wa Tanga ulikuwa na mashamba yao mengi, mpaka Azimio la Arusha la 1967 lilipokuja na utaifishaji. Babu alirudi nyumbani na barua ya sifa, sufuria moja ya shaba, na mabusu. Supu yenyewe hakuileta, kwa sababu aliwajua nyie na vikao vyenu.

Kwa hiyo shitaka la tatu lifutwe, au nishitakiwe pamoja na marehemu.

Mkitaka kujaribu, na najua mtajaribu usiku jirani wasione, huko mna kila kitu kuliko mimi hapa. Kuku wa kienyeji, mtetea aliyestaafu kutaga. Tambi za kawaida vunjeni vipande vidogo, au tieni mchele konzi mbili. Limau likikosekana tumieni ndimu, lakini msimimine yote kwa pamoja, onjeni, maana ndimu ya Muheza ina hasira. Pilipili manga mwishoni. Ikipoa, pasheni moto kwa upole, isichemke. Anayedai tumbo lake halipatani na yai la namna hii nimkumbushe kwamba usiku wa Pasaka, baada ya mfungo wa siku 48 bila nyama wala yai, hawa jamaa wanafungulia kwa supu ya utumbo na maini ya mwanakondoo, yenye yai na limau hivi hivi. Mlevi wa supu ya utumbo yuko hapo barazani, msinilazimishe kumtaja.

Kama iliniponya? Mafua yana ratiba yake. Ila nilikunywa mabakuli mawili, jasho likanitoka, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni, na nilipoamka nikakuta sufuria ndogo mlangoni, imefunikwa sahani, na paka wawili wanailinda kwa nia mbaya.

Jana nimerudisha sufuria. Nikaona si vizuri kurudisha chombo kitupu, nikampikia za kwetu: tambi kwa tui la nazi, sukari, iliki na zabibu. Kiria alichota kijiko kimoja, akatafuna taratibu, akaweka kijiko chini. Akaniuliza tui ni nini, nikamweleza. Akaniuliza kama nimetia sukari kwenye makaroni kwa kusudi, nikamjibu ndiyo. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaenda kumpigia simu dada yake, na sasa hivi ninavyoandika wako vikongwe watano jikoni kwake, mlango wazi, wanapaza sauti, na jina langu, lile la makosa, linatajwa kila baada ya dakika. Kwa Kigiriki changu cha kuokoteza nimeambulia jambo moja tu: wanataka kujua kama kule kwetu kuna mtu mzima anayetuangalia.

Nimewapa namba yako, Shangazi. Ikiita ya nje, pokea.

Mwanao,
wa ghorofa ya tano