Kijiji Kiitwacho Inapakia

Programu niliyorithi kazini ilikuwa na tabia moja mbaya: ukiifungua asubuhi, inaiita Tanzania nzima. Mikoa 31, wilaya zake, kata zake, vijiji na shehia, pamoja na vitongoji vinavyopita 60,000, vyote vijipange kwenye mti wa upande wa kushoto wa skrini kabla hujaruhusiwa kugusa chochote. Makarani walishaizoea. Wanabofya, wanakwenda kunywa chai, wanarudi, wanakuta imeganda, wanakwenda kumalizia vitumbua.

Na yote hayo kwa faida ya nani? Karani wa Kilosa anataka Kilosa. Hana shida na Micheweni.

Dawa yake inajulikana: mti uonyeshe mikoa tu, watoto waletwe mtu akibofya alama ya kujumlisha. Lakini mti wa Windows Forms ni mbishi, hauchori alama hiyo mpaka tawi liwe na mtoto. Bila mtoto hakuna alama, bila alama hakuna cha kubofya, na usipobofya mtoto haji. Delphi ina ustaarabu zaidi: ukiiambia kwa HasChildren kwamba watoto wapo, inakuamini bila kudai cheti cha kuzaliwa. Qt nayo huuliza kwa upole kama wapo wengine wa kuletwa, ndipo iwalete.

Sisi wa Windows Forms tunampachika kila mzazi mtoto wa bandia. Mtu akibofya, tukio la BeforeExpand linatuma ombi kwenye kanzidata, kazi inafanyika kwa nyuma ili skrini isigande, na watoto halisi wakifika bandia anatimuliwa. Asitimuliwe mapema! Mtandao ukikatika katikati, bandia ameondoka na wenyewe hawajaja, alama inatoweka, na wilaya nzima inabaki tasa mpaka programu ifungwe na kufunguliwa upya.

Bandia wote niliwapa jina moja, "Inapakia". Programu ikafunguka papo hapo. Makarani wakanuna, maana chai yao ilikuwa imekatwa.

Sasa mtandao wa ofisi yetu una siku zake. Ukiamka vibaya, bandia anakaa mbele za watu muda mrefu kuliko mgeni wa sikukuu. Mzee wa masijala akanipigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi Inapakia ni kijiji kipya?"

"Hicho si kijiji, mzee."

"Mbona kipo kila kata? Na mwenyekiti wake nimeshamwandikia barua ya kikao."

Nikamweleza habari za seva. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama barua aipitishe kwa mtendaji wa kata.

Wiki hiyohiyo bosi akadai kitufe cha "Fungua Yote", kwa sababu anapenda kuiona nchi kwa ujumla. Nikamwekea. Akakibofya, kila tawi likaomba watoto wake kwa wakati mmoja, seva ikanyamaza, na makarani wakarudi kwenye chai yao kwa furaha isiyofichika. Kitufe kile sasa kinafungua ngazi moja tu, na bosi hajagundua.

Bandia nimewabadilisha jina. Siku hizi ni nukta tatu tu, na hadi sasa hakuna aliyeziandikia barua.