Darubini Mtaani

Ukitaka kujua majirani wanakuwazia nini, nunua darubini uielekeze kwenye mti ulioota karibu na ukuta wa mtu. Dakika tano haziishi, utasikia dirisha linabamizwa.

Mimi nilikuwa namtafuta ndege mdogo ambaye wataalamu wanamwita Phylloscopus trochilus. Huzaliana kuanzia Uingereza hadi mashariki ya Siberia; baridi ikinukia huko, hao wanafunga safari kuja Afrika, na ikifika Oktoba wengine wanakuwa wameshahamia kwenye migunga yetu hapa Arusha. Uzito wake gramu 10 hivi: vijiko viwili vya sukari, na chai haijakolea.

Shida ni kwamba hana alama ya kumshikia. Mgongo wa kijani kilichochujuka, kifua cha manjano ya kubahatisha, kamstari keupe juu ya jicho, basi. Vitabu vinasema mtazame miguu: yake imepauka, ila binamu yake wanayefanana ana miguu myeusi na mazoea ya kutikisa mkia. Sawa, lakini miguu utaitazama saa ngapi? Kadokoa mdudu chini ya jani, karukia tawi la pili, kaning'inia, kapotea. Gilbert White, kasisi wa Selborne kule Uingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1789, aliwatenganisha kwa sauti. Wa kwangu alitoa “huu-iti” moja akanyamaza, shingo yangu ikajibu kwa mlio wake.

Mama wa dirishani akaja na balozi wa nyumba kumi.

“Kijana, unachungulia nini kwa watu?”

“Shikamoo mzee. Naangalia ndege.”

“Marahaba. Yuko wapi?”

“Pale, nyuma ya lile jani.”

“Majani yote yale?”

Akaichukua darubini. Akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia, akaganda. Ndege hakumwona. Aliona ukuta mpya wa jirani wa nyuma umemeza nusu ya njia ya mtaa.

Tangu hapo kila mtu anaamini nimetumwa na watu wa ardhi. Wenye viwanja vya mashaka wananiamkia kabla sijafunga geti, na mama wa dirishani ananiletea maandazi. Ndege, Aprili ikifika, ataondoka zake kaskazini bila kuaga. Mimi nimeshaandikwa shahidi wa ukuta.