Sifa za Silensa Isiyo na Matumbo

Wapo waliomsifu mbu, na wapo waliousifu upara. Mimi leo nalisifu bomba la moshi la Subaru yenye turbo, ile inayotoka Kitale saa tano usiku, ikapita Kamukuywa, ikakunja Webuye kuelekea Bungoma, kisha saa tisa ikarudi kwa njia ileile, yaani mbele ya dirisha langu hapa Kiminini.

Fadhila zake ndogondogo nazipitia mbio: huamsha walinzi, hufukuza panya darini, na tangu ije sina haja ya jogoo.

Sifa yake kuu ni utiifu wa sheria. Mwenyewe, kijana wa jirani yangu, huniapia: "Mwalimu, hii iko sawa kisheria." Na kweli. Sheria inataka gari liwe na silensa, silensa ipo. Ilipasuliwa kwa grainda huko jua kali, ikatolewa matumbo yote, ikachomelewa tena, lakini ipo. Mdomoni mwa bomba huingia kizibo cha chuma kinachoshikwa na boliti moja. Kizuizi cha polisi kikikaribia, kijana husimama kando, hutoa spana namba kumi, hukaza kizibo, na gari hupita likikohoa kwa adabu kama shemasi. Likishavuka, kizibo hurudi buti. Ni waheshimiwa wangapi wanaoishika sheria kwa uangalifu huo, hata kwa dakika tano?

Tena kuna elimu humo. Turbo huzungushwa na moshi wenyewe, kwa hiyo humeza sehemu ya kelele kabla haijafika nje. Gari la turbo kwa asili ni pole. Ile dugudugu ya Subaru ilitokana na mabomba ya urefu usiolingana, moshi wa upande mmoja wa injini ukisafiri mbali zaidi kuifikia turbo. Kwenye Legacy ya mwaka 2003, wahandisi wa Japani waliyasawazisha mabomba hayo, moshi ukapumua vizuri, dugudugu ikaisha. Sisi tunalinunua gari hilo mtumba, kisha tunamlipa fundi aturudishie kasoro.

Ukiwauliza vijana, watakutajia Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, wengine wao wakiwa hawajazaliwa. McRae alikuwa akishindana na saa. Huyu wetu anawahi mbavu za mbuzi Kanduyi! Na nyumba ya nyuma kuna mama aliyejifungua juzi tu, kitoto kinashtuka kila usiku hadi kinakosa pumzi, na yeye anakanyaga mafuta palepale kwenye tuta, makusudi, ili kisikike kile kishindo cha...

Niwieni radhi. Nilikuwa nasifu.

Bila bomba hili nisingesoma Kanuni za Kelele za mwaka 2009. Nje ya makazi, mwisho ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kisheria unaanza saa mbili na dakika moja. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Kwa kipimo hicho disko matanga, mkesha wa kanisa na gari la kampeni vyote vingelala ndani.

Basi nikazibeba kanuni zangu kwapani. Ofisi ya kwanza iliniambia mambo ya magari ni ya polisi. Mkubwa wa mtaa aliuliza kwanza kijana ni wa nani, na alipotajiwa baba akaanza kunisimulia mvua. Kituoni afisa alinisikiliza vizuri, kalamu mkononi.

"Mzee, hiyo kelele uliipima?"

Nikamwambia sina kipimo. Naye hakuwa nacho.

"Sasa tutajuaje kwamba..."

Hapo Subaru ikapita nje, kizibo kikiwa buti. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Afisa akanyamaza, akainua kidole kuniomba subira, akangoja hadi iishie kwenye kona.

"Nilikuwa nasema, tutajuaje kwamba imezidi?"

Akaifunga kalamu, akachungulia uani nilikoegesha.

"Na hiyo pikapu ni yako, mwalimu? Hebu twende unioneshe laifseva."