Mkono Ndani ya Ng'ombe

Ng'ombe mwenye tundu ubavuni hana haraka. Amesimama kibandani akicheua, na foleni ya watoto waliovaa glavu za plastiki za kufika begani inasogea polepole kuelekea tumbo lake. Tundu ni kazi ya madaktari: lilitobolewa ubavu wa kushoto, likawekewa mpira na kizibo, na mnyama huweza kuishi nalo miaka mingi. Kupitia hapo wanafunzi hujifunza jinsi majani yanavyomeng'enywa, na hata huchota maji yenye vijidudu hai wakamnywesha ng'ombe mgonjwa aliyegoma kula.

Katika foleni hiyo, siku ambayo chuo kimoja cha utabibu wa mifugo nchini Marekani kilifungulia umma milango, alikuwamo baba mmoja aliyevaa shati jeupe. Mkewe alikwisha kumwonya.

Mialiko ya namna hii Wamarekani wameizoea. Kule Davis, jimbo la California, shamba la chuo kikuu liliwaita watu mwaka 1909 waje kuona zizi jipya la ng'ombe wa maziwa. Wakaja na vyakula vyao, wakapenda, na hadi leo makumi ya maelfu hufurika huko kila Aprili. Mwaka 1924 sherehe ilifutwa kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo. Sherehe nyingine huharibiwa na mvua, hii iliponzwa na maradhi ya wenyeji wake. Siku hizi kivutio kikubwa ni mashindano ya mbio za vijibwa vya Kijerumani vyenye miguu mifupi na viwiliwili virefu. Vilizalishwa ili viingie mashimoni kufukuza wanyama, si kukimbia uwanjani mbele za watu. Basi kimoja kikichapuka, kingine husimama kumnusa jirani, na mwenye nacho huku mwisho anapiga makofi hadi anaona haya.

Turudi kibandani. Binti wa yule baba, mwenye umri wa miaka sita, alitumbukiza mkono wote bila kusita.

"Kuna uji wa moto!" akatangaza.

Hakukosea sana. Humo ndani joto hufika kama nyuzi 39, na tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa, kati ya manne aliyo nayo, linaweza kubeba zaidi ya lita 100. Ikafika zamu ya baba. Alipoingiza mkono hadi kiwiko, ng'ombe akakohoa.

"Si kitu, ni majani tu," alisema kwa sauti nyembamba, huku shati likichuruzika kijani.

Akapapasa mfukoni kutafuta leso. Leso ilikuwapo, funguo za gari hazikuwapo. Akatazama chini, akatazama nyuma, kisha akamtazama ng'ombe.

Mwanafunzi aliyekuwa zamu hakushtuka. Ng'ombe, alieleza, humeza kwanza na kutafuna baadaye, kwa hiyo misumari na vipande vya waya hupita na majani, vikatua tumbo la pili, lililo jirani na moyo. Vikichoma huko, ni balaa. Ndiyo maana wafugaji wengi humnywesha ng'ombe sumaku yenye ukubwa wa kidole, ikae humo maisha yake yote ikikusanya vyuma. Sumaku moja ilikuwa mezani kwa maonyesho. Mwanafunzi akavaa glavu mpya, akaanza msako. Watu wakajaa. Mzee mmoja akashauri wanyamaze, huenda king'ora cha gari kikasikika tumboni.

Binti, aliyechoshwa na wakubwa, aliichukua sumaku akaanza kumtibu dubu wake wa kitambaa. Ikanasa tumboni mwa dubu: tak!

Asubuhi ile, katika hospitali ya wanasesere iliyofunguliwa chuoni hapo kwa ajili ya watoto, wanafunzi walikuwa wamemshona dubu huyo tumbo lililochanika. Binti aliwaambia mgonjwa amemeza chuma, nao wakatikisa vichwa kwa huruma, wakashona vizuri kabisa, nyuzi mbili mbili. Hakuna aliyemuuliza chuma gani.

Ng'ombe akaachiwa huru. Baba akarudi hospitalini na dubu kwapani, akakuta foleni imefika nje ya mlango, na binti ameshatoa sharti kwamba dubu hapasuliwi bila sindano ya usingizi.