Mwongozo wa Kugandisha Maziwa Toronto Bila Kumsingizia Ng'ombe

Umefika Toronto, umenunua maziwa, umeyaacha jikoni siku tatu ukingoja yagande kama ya kwa bibi. Yakanuka, yakawa machungu, ukayamwaga huku ukilalamika kwamba ng'ombe wa Kanada hawana baraka. Ndugu yangu, mwombe ng'ombe radhi, kisha ufuate hatua hizi tano.

1. Kubali kwamba maziwa yako ni yatima.
Tangu 1938 sheria ya Ontario inataka maziwa yapashwe joto kiwandani kabla ya kuuzwa. Sheria hiyo imewakinga watoto na kifua kikuu cha ng'ombe, nami naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila joto hilo huondoka pia na bakteria wa asidi ya laktiki, wale waliokuwa wakigandisha maziwa ya bibi bila kuitwa. Wanaosalimika ni wale wenye maganda sugu, na wengi wao huvunjavunja protini. Uchungu ule ni kazi yao. Usianze kutafuta maziwa mabichi kwa njia za panya. Alika bakteria wako.

2. Mjue mgeni kabla ya kumkaribisha.
Ukitaka maziwa lala, mwite *Lactococcus lactis*. Anapatikana kwenye yale maziwa chachu ambayo Wakanada huchanganyia unga wa chapati za maji. Soma lebo, iseme bakteria wamo na wako hai. Jeni zake za kula laktosi mara nyingi haziko kwenye kromosomu, ziko kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA anachoweza kukipoteza anapogawanyika. Larry McKay wa Chuo Kikuu cha Minnesota alilionyesha hilo katika miaka ya 1970. Akikipoteza, atashinda njaa katikati ya maziwa. Kwa hiyo mbegu yako, yaani maziwa chachu hayo yenye bakteria hai, ilelewe ndani ya maziwa daima; humo, aliyepoteza plasmidi huachwa nyuma na wenzake.

3. Kata mfuko, tuliza mikono.
Ontario maziwa mara nyingi huuzwa kwenye mifuko: lita nne katika mifuko mitatu laini. Kata pembe ya mmoja kwa mkasi safi, mimina kwenye chombo ulichokisuuza kwa maji yanayochemka, tia vijiko vitatu vya mbegu, koroga taratibu, funika. Joto liwe kati ya nyuzi 20 na 25. Januari, jikoni kukiwa na baridi, weka chombo ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka. Kisha usiguse. Usitikise, usichungulie kila nusu saa, usiwaite watoto waje kuonja. Baada ya saa 12 hadi 24, inamisha chombo kidogo: mgando mzuri huachana na ukingo ukiwa kitu kimoja, na maji ya kimanjano hujitokeza pembeni. Ukiona utando wa rangi au ukisikia harufu ya kitu kilichooza, mwaga bila kuhurumia.

4. Waheshimu virusi.
Siku moja mbegu yako nzuri itagoma, na hutakuwa umekosea lolote. Kuna virusi wanaoshambulia bakteria tu, na viwanda vya maziwa duniani kote vinawaogopa. Mwaka 2007 Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao, akiwemo Sylvain Moineau wa Université Laval, Quebec, walionyesha kwamba *Streptococcus thermophilus*, bakteria wa mtindi, hukata kipande cha DNA ya kirusi na kukihifadhi kwenye DNA yake mwenyewe, ili amtambue adui akirudi. Wewe huna maabara, lakini una friza: gandisha kwa barafu vijiko vichache vya mbegu ingali na nguvu.

5. Gawa.
Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Tazama wengine wanavyogawa: Uganda, shirika la Yoba for Life husambaza pakiti za mbegu za gramu moja: pakiti huchachusha lita moja, na lita hiyo huchachusha lita 100. Ndani ya pakiti hiyo mna *Lactobacillus rhamnosus*, ambaye jeni zake za laktosi hazifanyi kazi. *Streptococcus thermophilus*, aliyemo humo pia, humkatia sukari hiyo ndipo ale. Mwanza, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kuuza mtindi wa namna hiyo mwaka 2004, wakishirikiana na Western University ya hapa hapa Ontario. Mbegu hudumu kwa kuwa mikononi mwa wengi. Ya kwako ikifa kwa virusi au kwa safari ya wiki tatu, itakuwa hai kwa jirani wa Scarborough au kwa shemeji wa Etobicoke. Basi kabla hujatia sukari na kunywa, chota vijiko vitatu, vitie kwenye chupa safi, umpigie simu mtu aje achukue.